Usingizi wa Wazee na Mafuta ya Tumboni

Mazungumzo ya afya kwa wazee na familia zao, eneo la Garsen, Kaunti ya Tana River



Saa nane ya usiku, katika nyumba nyingi za Garsen na vijiji vilivyo kando ya Mto Tana, huwa kuna mtu mmoja aliye macho. Mara nyingi mtu huyo ni babu au nyanya. Ameamka kwenda chooni, au joto limemshinda, au mbu amepenya ndani ya neti, au ana fikira nyingi. Watoto wakimwuliza asubuhi, hujibu kwamba uzee hauna usingizi, na mambo yakaishia hapo. Mwaka ukipita, nguo inaanza kumbana kiunoni ingawa yeye haoni kwamba ameongeza chakula. Hapo nako watu husema amenawiri, au kwamba uzee huja na mwili.

Mambo haya mawili, usiku uliokatika na kiuno kilichopanuka, huzungumzwa kama yasiyohusiana. Yanahusiana, na kila moja huzidisha jingine. Mzee akijua hivyo, anaweza kujiepusha na kisukari, presha na kuanguka, na mengi ya kufanya hayagharimu pesa.

Mzee anahitaji usingizi kiasi gani

Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 7 hadi 8 kwa siku kwa mtu wa miaka 65 na zaidi. Mtu mzima aliye chini ya umri huo anashauriwa saa 7 hadi 9. Tofauti ni ndogo. Kwa hiyo ile kauli kwamba mzee hutosheka na saa nne au tano haiwahusu wazee walio wengi.

Kinachobadilika ni namna usingizi unavyokuja. Usingizi mzito hupungua, mzee huamka kwa urahisi, na saa ya mwili husogea mbele: anasinzia mapema jioni na kuamka kabla ya alfajiri. Hilo peke yake si ugonjwa. Huko Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, watafiti waliwapima Wahadza 33 kwa siku 20 na kutoa matokeo yao mwaka 2017. Katika siku zote hizo, muda ambao wote walikuwa usingizini kwa wakati mmoja ulikuwa dakika 18 tu. Wazee walilala mapema, vijana wakachelewa, na hivyo karibu kila saa ya usiku kulikuwa na mtu anayesikiliza nje.

Kwa hiyo hesabu iwe ya saa alizolala mzee, isiwe ya saa aliyoamka. Mzee aliyelala saa mbili ya usiku na kuamka saa kumi alfajiri amepata saa nane kamili. Aliyekaa mbele ya televisheni hadi saa tano ya usiku, kisha mwili ukamwamsha saa ile ile ya kumi, amepata saa tano. Wote wawili wataambiwa wameamka mapema, lakini mmoja ameshiba usingizi na mwingine ana deni.

Utafiti umeonyesha nini

Mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa wazee zaidi ya 6,000, wanaume wa miaka 67 na zaidi na wanawake wa miaka 70 na zaidi. Wazee hao walivaa mkononi kifaa kinachofanana na saa, ambacho kilihesabu muda waliolala. Waliolala chini ya saa 5 walilinganishwa na waliolala saa 7 hadi 8. Uwezekano wa kuwa na unene wa kupindukia ulikadiriwa kuwa mara 3.7 zaidi kwa wanaume waliolala kidogo, na mara 2.3 zaidi kwa wanawake. Mafuta yao pia yalikuwa yamekusanyika zaidi katikati ya mwili.

Mtu makini atauliza: je, ni usingizi mfupi ulioleta unene, au ni unene ulioharibu usingizi? Swali hilo ni la haki, na utafiti wa namna hiyo hauwezi kulijibu peke yake. Mtu mnene hukoroma, hukosa pumzi na huamka mara kwa mara. Ndiyo maana watafiti wengine walifanya majaribio ya kupunguza usingizi kwa makusudi.

Jaribio moja lilitolewa mwaka 2022 na hospitali ya Mayo Clinic, Marekani. Watu 12 wenye afya nzuri, ambao hawakuwa wanene, waliruhusiwa kulala saa 4 tu kila usiku kwa wiki mbili. Kila siku walikula takriban kalori 300 zaidi, karibu sawa na vipande vinne vya mkate. Uzito wao kwenye mizani ulibadilika kidogo tu. Lakini picha za ndani ya tumbo zilionyesha kwamba mafuta yanayozunguka ini na matumbo yaliongezeka kwa asilimia 11. Mizani haikuyaona mafuta hayo. Watu hao walikuwa vijana. Hata hivyo, jaribio hilo linaonyesha kwamba usingizi mfupi peke yake unaweza kuanzisha jambo.

Jaribio jingine, la Chicago mwaka 2010, lilihusu watu 10 wenye uzito mkubwa waliokuwa wakipunguza chakula ili wapungue. Walijaribiwa kwa vipindi viwili vya wiki mbili. Katika kipindi kimoja walipewa saa 8.5 za kulala, na katika kingine saa 5.5. Uzito waliopoteza ulikuwa karibu sawa katika vipindi vyote viwili. Tofauti ilikuwa katika kile kilichopotea. Walipolala vya kutosha, walipoteza mafuta kilo 1.4. Walipolala kidogo, walipoteza mafuta kilo 0.6 tu, na sehemu kubwa ya uzito uliobaki kupotea ilikuwa misuli na nyama nyingine isiyo mafuta.

Sababu ziko ndani ya mwili. Usingizi ukikatwa, homoni inayoamsha njaa hupanda na ile inayomwambia mtu ameshiba hushuka. Mtu aliyekesha hutamani vitu vitamu na vya wanga. Sukari katika damu hushughulikiwa vibaya zaidi. Na mtu aliyechoka hutembea kidogo siku inayofuata.

Kwa nini jambo hili ni zito kwa mzee

Kijana akinenepa, misuli yake bado iko. Mzee hali yake ni tofauti. Misuli hupungua polepole kadiri umri unavyosonga, na mafuta hujaza nafasi yake. Mzee anaweza kuwa na uzito ule ule aliokuwa nao miaka kumi iliyopita, lakini mwili wake ukawa na mafuta zaidi na nguvu kidogo. Miguu na mikono inakuwa myembamba huku tumbo likitoka mbele. Mzee wa namna hii hushindwa kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu, na akianguka huweza kuvunjika nyonga.

Mafuta ya ndani ya tumbo huleta pia kisukari cha ukubwani, presha na maradhi ya moyo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume 17.5.

Kwa kuwa mizani hudanganya, kipimo kizuri cha nyumbani ni kamba. Mzee apimwe urefu kwa kamba isiyovutika, kutoka utosini hadi kisiginoni. Kamba hiyo ikunjwe mara mbili, kisha izungushwe tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mzee akiwa ametoa pumzi kwa utulivu. Ncha zikikutana, kiuno hakijapita nusu ya urefu na hali ni nzuri. Zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi. Mzee aliyepinda mgongo asitegemee kamba. Apimwe na mhudumu wa afya.

Je, kila anayelala kidogo hunenepa?

Hapana. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya usingizi vya jamii tatu zinazoishi bila umeme: Wahadza wa Tanzania, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Walikuta kwamba watu hao hulala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Si nyingi, na bado unene ni nadra miongoni mwa Wahadza. Lakini maisha yao ni ya kutembea kila siku wakitafuta chakula, na sukari ya dukani haikuwa sehemu ya mlo wao wa asili.

Funzo lake liko karibu na Garsen. Mzee wa zamani aliyefuata ng'ombe kutoka kisima hadi malisho, au aliyelima kwa jembe na kupiga kasia, mwili wake ulistahimili usiku mfupi. Mzee wa leo huenda sokoni kwa bodaboda, chai yake ina vijiko vitatu vya sukari, na asubuhi hula mahamri. Kwake yeye usiku mfupi unakuta mwili usio na pa kuutupa mzigo.

Wala lengo si kila mzee awe mwembamba. Wapo wazee wengi katika kaunti hii ambao shida yao ni upungufu wa chakula, hasa wakati wa ukame. Mzee anayepungua uzito bila kutaka anapaswa kwenda hospitali. Na hata mwenye kitambi asijinyime chakula kwa fujo, maana atapoteza misuli pia.

Nini hukata usiku wa mzee

Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 40,000 wenye miaka 50 na zaidi katika nchi nane za Afrika na Asia. Nairobi na Ifakara ya Tanzania zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa. Kwa jumla, asilimia 16.6 walisema wana shida kubwa ya usingizi. Nairobi ilikuwa chini kabisa, asilimia 3.9, na eneo moja la Bangladesh lilipita asilimia 40. Ikiwa uzee peke yake ndio ungekuwa sababu, maeneo hayo yasingetofautiana hivyo. Waliokuwa na huzuni na wasiwasi ndio waliosumbuka zaidi karibu kila mahali.

Katika Tana Delta sababu zinajulikana. Kuna joto, hasa miezi ya kabla ya mvua ndefu. Kuna mbu. Kuna shamba linalolindwa usiku viboko wasilimalize, na mara nyingi anayetumwa kulinda ni mzee kwa kuwa "hana usingizi". Kuna wajukuu wanaolala na nyanya yao na kulia usiku. Kuna mto. Mwishoni mwa 2023, wakati wa mvua za El Nino, na tena Aprili na Mei 2024, familia nyingi zilihama makazi yao na kulala kambini. Aliyepitia hayo huamka kila asikiapo mvua. Kuna pia chai nzito ya usiku, miraa na muguka, na simu yenye mwanga karibu na mto wa kulalia.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kwanza, saa ya kulala ipangwe kwa kuhesabu kutoka saa ya kuamka. Anayeamka saa kumi na moja kwa swala ya alfajiri au kwa kukama maziwa, awe kitandani saa tatu ya usiku, au saa nne ikishindikana. Saa hizo zisibadilike kila siku. Mwezi wa Ramadhani, usiku unapogawanywa na daku, usingizi wa baada ya alfajiri au wa mchana ufidie kilichopungua.

Pili, usingizi wa mchana uwe mfupi, usizidi nusu saa, na uishe kabla ya saa tisa alasiri. Aliyelinda shamba usiku kucha ni tofauti. Huyo apewe nafasi ya kulala mchana mahali penye giza na utulivu, wala asiitwe mvivu.

Tatu, mzee aote jua la asubuhi huku akitembea. Mwanga wa asubuhi huiweka sawa saa ya mwili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Zoezi rahisi ni kuinuka kwenye kiti na kukaa tena mara kumi bila kusukuma kwa mikono. Mwenye magoti mabovu aanze na mara tatu, na mtu awe karibu naye.

Nne, chakula cha usiku kiliwe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Kiwe na samaki, yai, kunde, maharagwe au maziwa, maana misuli hujengwa kwa vyakula hivyo. Wali au ugali upungue kidogo. Chai nzito na kahawa ziishie alasiri, na sukari ipunguzwe kijiko kimoja kimoja hadi ulimi uzoee.

Tano, maji yanywewe kwa wingi mchana na yapunguzwe saa mbili kabla ya kulala. Anayemeza dawa ya presha inayoleta mkojo amwulize daktari kama inaweza kumezwa asubuhi. Asibadilishe mwenyewe.

Sita, mzee apewe mahali penye upepo kuliko pote nyumbani. Aoge kabla ya kulala. Neti isiachwe kwa sababu ya joto. Ishonwe matundu na itandazwe ipasavyo, kwa kuwa malaria humkatia mzee usiku mwingi zaidi kuliko joto.

Saba, vijana wagawane zamu. Zamu ya kulinda shamba ikipewa kijana usiku na mzee mchana, mavuno yatalindwa vile vile. Mjukuu anayenyonya alale na mama yake.

Jambo moja la kuepuka ni vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa kwenye kemisti bila kuandikiwa na daktari, pamoja na vidonge vya mafua vinavyolevya. Humfanya mzee ayumbe akiamka gizani, akachanganyikiwa na kuanguka.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Zipo dalili ambazo mpangilio wa saa hauwezi kuziondoa. Mzee anayekoroma kwa nguvu, kisha pumzi ikakatika kwa muda na kurudi kwa kushtuka, apelekwe hospitali. Kwa kawaida yeye mwenyewe hajui. Anayejua ni anayelala chumba kimoja naye, na ni wajibu wake kusema. Anayeamka kukojoa mara nyingi huku akiwa na kiu apimwe sukari. Kwa mwanamume inaweza pia kuwa tezi. Anayekosa pumzi akilala chali, au mwenye miguu iliyovimba, achunguzwe moyo. Mwenye huzuni isiyoisha, aliyepoteza hamu ya chakula na ya watu, naye ni mgonjwa kama wengine. Na mzee aliyeanza kulala saa tisa au kumi na bado anachoka, asifurahiwe tu kwamba amepata usingizi. Mara nyingi kuna maradhi yanayomlaza.

Tangu mwaka 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Hatua ya kwanza inaweza kufanyika mlangoni mwa nyumba, kisha zahanati, kisha hospitali kama ile ya Ngao.

Wazee wa Garsen, kabla ya kwenda kituoni fanyeni mambo mawili. Kwa siku saba, mtoto au mjukuu aandike kwenye daftari saa mzee aliyolala, mara alizoamka na saa aliyotoka kitandani. Siku ya saba, apimwe kwa kamba. Daftari hilo na kamba hiyo vipelekwe kwa mhudumu wa afya. Vitamwambia mengi kuliko neno "sina usingizi", na matibabu yataanzia mahali panapofaa.